Ngoma Hiyo Naijua Inakokwenda

Umeme ulikatika tukiwa katikati ya wimbo wa Utukufu.

Ilikuwa misa ya pili, Kwaresima ikiwa imekaribia, kanisa limejaa mpaka watu wamesimama kwenye ngazi za nje. Kinanda kimeshika mdundo, spika mbili kubwa zinawatazama waamini, na kwaya ya vijana imefika pale ambapo sauti ya tatu hutangulia peke yake kabla ya wengine kuipokea. Spika zikanyamaza. Sauti ya tatu ikasukuma maneno mawili matatu zaidi, ikajikuta haina mwenzake, nayo ikanyamaza. Mwalimu wa kwaya akainua mikono kuwarudisha, lakini bila kinanda kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake atoe sauti ya kuanzia.

Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya ya wakubwa. Jumapili ile haikuwa zamu yetu, kwa hiyo nilikuwa nimekaa na waamini. Nikatazama huku na huku. Mamia ya watu wamesimama, mikono imetulia, macho yote kwa kwaya.

Wanasubiri.

Padre naye alisubiri kidogo, kisha akayasema maneno yaliyobaki kwa sauti ya kawaida ya kusali, nasi tukayasema pamoja naye mpaka Amina. Jenereta likawashwa kabla ya Injili, misa ikaendelea. Tulipotoka nje sikumsikia mtu akilitaja jambo lile. Kwetu huku umeme kukatika si habari ya kupeleka nyumbani.

Mimi lilinikaa rohoni. Wiki zilipita nami bado nalitafuna, nikiwa jikoni, nikiwa ndani ya basi la Masasi, nikiwa kwenye foleni ya maji. Utukufu unaanza na maneno ambayo malaika waliwaimbia wachungaji usiku ule wa Bethlehemu, watu waliokuwa wakilala nje na mifugo yao. Wimbo ulioanzia kwa watu wa namna ile unakatikaje kwa sababu ya waya wa umeme?

Alhamisi jioni

Nyimbo huchaguliwa Alhamisi, giza likianza kuingia, watu wametoka makazini na mashambani. Mwalimu anakuja na nota alizochapisha dukani kwa mwenye kompyuta, anazigawa, tunazisoma sauti kwa sauti. Kuna karatasi yenye orodha: mwanzo, Utuhurumie, Utukufu, zaburi, shangilio, matoleo, Mtakatifu, Mwanakondoo, komunyo, shukrani, kutoka. Inajazwa kutoka juu kwenda chini. Swali linalosikika kuliko yote ni hili: "Huu tuliuimba lini mara ya mwisho?" Kama ni juzijuzi, unawekwa pembeni.

Naielewa hamu ya wimbo mpya. Vijana wetu wanajilipia nauli, wanachanga wenyewe fedha za sare, na msimu wa korosho wapo wanaokuja mazoezini moja kwa moja kutoka shambani, mikono ikinuka mabibo. Mtu anayejitoa hivyo anastahili kitu cha kumpa changamoto. Na zipo Jumapili ambazo wimbo wao mpya wa komunyo umenifanya nibaki nimepiga magoti muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Lakini katika vikao vyote hivyo sijawahi kusikia mtu akiuliza waamini wanaujua upi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, uliliona jambo hili. Hati yake juu ya liturujia, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inataka kwaya zikuzwe kwa bidii, na papo hapo inawataka maaskofu na wachungaji wahakikishe kwamba waamini wote wanaweza kushika sehemu iliyo yao. Maelekezo ya muziki mtakatifu ya mwaka 1967 yakakaza zaidi: kwaya inaweza kukabidhiwa baadhi ya nyimbo, ila kuiachia misa nzima, watu wakabaki wasikilizaji, ni desturi ya kuachwa. Mtakatifu, yanasema, kwa kawaida uimbwe na kusanyiko lote pamoja na padre.

Nilimpelekea mwalimu wetu maneno hayo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Dada, ni kweli tupu," akasema. "Lakini nikiwaimbisha zilezile kila Jumapili, hawa vijana wananikimbia. Wataenda kwenye magitaa, kwa walokole. Utawarudisha wewe?"

Sikuwa na jibu. Ni mtu ambaye amelea vijana wengi kuliko wengi wetu, na anajua wameondokaje wale walioondoka.

Kwaresima ilipoingia

Kwaresima ina sheria zake. Utukufu unawekwa kando isipokuwa kwenye sherehe na sikukuu na Alhamisi Kuu, Aleluya haisikiki kabisa, na Misale, kitabu cha taratibu na sala za misa, inasema ala za muziki zipigwe kwa ajili ya kutegemeza uimbaji tu, ukiacha Jumapili ya nne na siku za sherehe na sikukuu. Miaka mingine tumekuwa tukiipitia sheria hiyo juu juu. Mwaka huu paroko aliisoma kwenye matangazo, akaongeza kwamba mdundo wa kinanda uzimwe kabisa mpaka Pasaka.

Jumapili ya kwanza tuliimba kinyonge, na hakuna aliyejua aweke wapi mikono yake. Jumapili zilizofuata hali ikaanza kubadilika, na badiliko lenyewe lilitoka nyuma, kule wanakosimama wanaume wanaochelewa. Tulikuwa tumechagua wimbo wa zamani wa toba, ule ambao kila aliyepita mafundisho ya komunyo ya kwanza anaujua. Walipoupokea ubeti wa pili waliuvuta. Walikwenda polepole kuliko mkono wa mwalimu, na baada ya mistari michache mkono ukasalimu amri, ukawafuata wao. Mzee mmoja akaweka sauti ya nne ambayo haimo kwenye nota yoyote. Wengine wakamfuata. Hawakuwa wamefundishwa na mtu.

Sikutaka kujidanganya. Niliporudi nyumbani nilijiuliza kama kile nilichokisikia kilikuwa sala, au furaha ya watu waliokutana na kitu wanachokijua. Mtu anaweza kuimba kwa machozi wimbo aliofundishwa na marehemu mama yake, na machozi yote yakawa ya mama. Mtakatifu Augustino alisumbuliwa na jambo la jinsi hii. Aliandika katika Maungamo yake kwamba zipo nyakati sauti humtikisa kuliko maneno yanayoimbwa, na kwamba hiyo kwake ni dhambi. Halafu akakumbuka machozi aliyoyamwaga kwa nyimbo za Kanisa siku za kuongoka kwake, akakiri faida yake. Alibaki kati ya hatari na faida, hakuufunga mjadala.

Nami sikuufunga. Lakini nilijua kwamba kati ya watu wanaosubiri na watu wanaoimba wakiwa na hatari ya kulia kwa sababu isiyo sahihi, ningewachagua hawa wa pili.

Mjomba chini ya mwembe

Katika Kwaresima hiyohiyo tulimzika mama yangu mkubwa.

Ukoo wetu ni kama koo nyingi za Mtwara na Lindi: huyu Mkristo, yule Mwislamu, kaburi linachimbwa na wote. Kaka yake marehemu ni Mwislamu wa swala tano. Wakati wa misa alikaa nje chini ya mwembe pamoja na wazee wenzake na majirani, kofia kichwani, wakisikiliza kupitia madirisha yaliyo wazi. Karibu nusu ya waombolezaji walikuwa hao.

Kwaya iliimba bila kinanda, kwa sababu ya majira. Jioni tukiwa kwenye mkeka, chai imegawiwa, mjomba akaniita.

"Mwanangu, ule wimbo mliomwingizia dada yangu kanisani, niliusikia wote."

Akanirudishia mstari mmoja neno kwa neno, ule unaomwomba Mungu asiyakumbuke makosa ya mtu siku ya kumwita. Akasema, "Hilo hata sisi tunaliomba." Kisha akasema kwamba mazishi mengine aliyohudhuria kwetu alisikia muziki tu, maneno hakuyapata, na alikuwa akijiuliza tunamwambia nini maiti.

Tangu siku hiyo, ninaposhika karatasi ya orodha, namfikiria pia mtu ambaye hataimba kabisa. Yupo kwenye kila ndoa na kila mazishi ya mkoa huu. Yeye hana kitabu cha nyimbo, hajui kiitikio kinakuja lini, na alichonacho ni masikio yake. Maneno yakimezwa na spika, huyo ametoka mikono mitupu. Na sidhani kwamba aliye ndani, mwenye kitabu, hali yake ilikuwa bora sana.

Ngoma ya kigangoni

Kigango kimoja cha parokia yetu kiko juu, njia ya kwenda Newala, na umeme haujafika. Huko ala ni vumi moja, chapuo mbili na kayamba. Jumapili ya katikati ya Kwaresima nilipanda huko na baadhi ya vijana wa kwaya waliokwenda kuwasaidia. Waliwafundisha Mtakatifu mpya asubuhi, kabla ya misa, na wapiga ngoma wa kigango wakauwekea mdundo. Ulikuwa mdundo wa kasi, mtamu, na watoto waliudaka mara moja.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja aliyevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki. Nyimbo nyingine zote aliziimba kwa kichwa, kitabu hakikufunguliwa. Ulipofika Mtakatifu alifunga mdomo, akatazama sakafu, akabaki hivyo mpaka ukaisha.

Baada ya misa nilimfuata pale kwenye benchi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo Mtakatifu hukuimba."

"Sikuimba."

"Hupendi ngoma kanisani?"

Akaniangalia kama ninayeuliza jambo lililo wazi. "Ngoma naipenda. Ngoma hiyo naijua inakokwenda."

Kisha akaweka mkono juu ya benchi. Alipiga kwa kisigino cha kiganja mara mbili, akaacha nafasi, akarudisha kwa ncha za vidole, haraka, pigo la mwisho akilikata kabla halijakaa. Watoto wawili waliokuwa wakikimbizana mlangoni wakageuka. Bibi akauondoa mkono pale pale, akaufunika kwa kitenge.

"Hiyo si ya watoto," akasema. Sikumuuliza ni ya wapi. Mwanamke wa Kimakonde wa umri wake akinyamaza hivyo, umeshajibiwa.

Baadaye, watoto walipokwenda, akautoa mkono tena. Sasa alipiga kiganja kizima, taratibu, pigo kwa pigo, mkono wa kulia kisha wa kushoto, kama wanawake wawili wanavyopokezana michi. "Hii tulikuwa tukitwangia," akasema. "Hii nitaiimbia Mungu hata sasa hivi." Na akaimba mistari miwili ya Mtakatifu juu yake. Mimi najua nyimbo za misa nyingi, na sikumbuki kuusikia Mtakatifu ukikaa vizuri namna ile juu ya ngoma.

Nilishuka kutoka kule nikiwa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilivyopanda. Nilikuwa nimejijengea wazo rahisi kwamba kinanda ni cha kuja, ngoma ni yetu, basi turudi kwenye ngoma. Bibi alikuwa ameligawa wazo hilo vipande viwili kwa mkono mmoja.

Masikio ya nani?

Maelekezo yale ya mwaka 1967 yana kipengele kuhusu ala. Yanasema zile ambazo kwa maoni na matumizi ya watu wote zinafaa kwa muziki wa kidunia tu, zisiingizwe katika liturujia. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukitilia shaka. Sasa kila nikikisoma nasikia swali: watu wote gani?

Kwa masikio ya Bibi, mdundo ule ni wa mahali ambapo hapatajwi. Kwa masikio ya kijana wa miaka kumi na minane aliyekulia mjini, mdundo huohuo ni asili, ni furaha, ni sisi. Kwa masikio ya wengine wetu, mdundo uliomo ndani ya kinanda, ule unaobonyezwa kitufe ukaanza wenyewe, ndio unaosikika usiku wa Jumamosi kilabuni, na mtu aliyeokoka na pombe anapousikia Jumapili asubuhi anajua nao unakokwenda. Mmoja wa wanakwaya alipendekeza tari kwa ajili ya Pasaka. Zaburi ya 150 imelitaja wazi: "Msifuni kwa matari na kucheza." Wazee wawili wakakataa. Tari linapolia, Lindi na Mtwara nzima inasikia maulidi, wakasema, na majirani watadhani tunawaigiza. Maandiko yalikuwa upande wa kijana. Mtaa ulikuwa upande wa wazee.

Historia imenisaidia kidogo hapa. Mwaka 1903 Papa Pius wa 10 alitoa hati kali juu ya muziki wa Kanisa. Alikuwa amechoshwa na muziki wa majukwaa ya maigizo ulioingia makanisani, akakataza ala za kelele, ngoma zikiwemo. Kinachonishangaza ni kwamba sentensi hiyohiyo inakataza piano. Masikio ya Italia ya wakati ule yalisikia kwenye piano kumbi za starehe. Leo nenda parokia yoyote kutoka Mtwara mpaka Nachingwea, utakuta kinanda kimepangwa kutoa sauti ya piano, na hakuna anayesikia dhambi ndani yake.

Wamisionari Wabenediktini walioanzisha Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja tu baada ya misioni za Nyangao na Lukuledi kuharibiwa katika vita vya Maji Maji, walifika na sheria hiyo ikiwa bado mbichi. Ngoma zetu zilikutwa zimeshakatazwa na mtu aliyekuwa akipigana na matatizo ya mahali pengine kabisa. Zilikaa nje ya mlango mpaka Mtaguso uliposema, katika hati ileile ya 1963, kwamba katika nchi za misioni mapokeo ya muziki ya watu yapewe heshima na nafasi yake. Mwaka huohuo padri Mtanzania, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu kizima kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Watu wetu walikuwa wanalifikiria jambo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Na jirani zetu Waanglikana wa Masasi walikuwa wameanza mapema zaidi kwa njia yao. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wao kuanzia 1926 hadi 1944, hakulitupa jando. Alilichukua, akalichuja, akalitia sala. Watu wamebishana sana kama alifanya sawa. Mimi nilichojifunza kwake ni kwamba kuchuja kunahitaji mtu anayejua kilichomo. Huwezi kuchuja ulichokikuta kwenye simu.

Nimefika hapa: masikio hubadilika, na sheria za muziki huyafuata kwa mbali. Inawezekana baada ya miaka thelathini hakutakuwa na mtu hai atakayesikia unyago katika mdundo ule, na wajukuu wa Bibi watauimbia Mtakatifu bila kuinamisha kichwa. Sijui kama nitafurahia siku hiyo au nitaihuzunikia. Lakini leo Bibi yu hai, anakuja misa kwa miguu, na Mtakatifu ni wake kama ulivyo wetu. Wimbo unaomfunga mdomo mtu wa namna hiyo hauko tayari, hata kama ni mzuri.

Kilatini

Nilirudi kule juu kabla ya Wiki Kuu. Nilitaka kumuuliza swali ambalo kwenye karatasi ya Alhamisi halimo: Mkesha wa Pasaka, Utukufu unaporudi baada ya Kwaresima nzima, kengele zinapigwa, yeye angependa kusikia upi?

Nilitegemea aniambie ule wa kinu. Akafumba macho akaimba "Gloria in excelsis Deo", ule wa Kigregoriani, uimbaji wa kale wa Kanisa, aliofundishwa na masista akiwa msichana, misa ikiwa bado ni ya Kilatini. Aliimba mwanzo mpaka mwisho. Mahali pawili alikosea maneno lakini sauti haikutetereka.

"Unajua maana yake, Bibi?"

"Nilijua baadaye, ilipokuja kwa Kiswahili. Lakini niliyemwimbia alikuwa anajua."

Nikamtajia Mtume Paulo: "Nitaomba kwa roho, tena nitaomba kwa akili pia, nitaimba kwa roho, tena nitaimba kwa akili pia." Akaitikia, ndiyo, vyote viwili. Hakuona ugomvi wowote hapo. Ugomvi ulikuwa wangu. Kumbe wimbo wa ugenini, katika lugha ya ugenini, ukikaa ndani ya mtu tangu utotoni unakuwa wake kuliko ngoma ya kijijini kwake. Taifa zima tunalijua hilo kwa njia nyingine: sauti ya "Mungu ibariki Afrika" aliitunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya Kimethodisti huko Afrika Kusini, mwaka 1897, na hakuna Mtanzania anayesimama kuiimba akiona ameazima.

Kwa hiyo sikubaliani tena na wanaosema tuchague kwa asili, wala wanaosema tuchague kwa upya. Wimbo unakuwa wa watu kwa kuimbwa na watu, mara nyingi, kwa miaka. Hakuna njia ya mkato, na orodha inayobadilika kila wiki inatunyima muda huo.

Mkesha

Kikao cha nyimbo za Mkesha kilikuwa kirefu na kiliuma.

Kijana mmoja wa sauti ya tatu, fundi pikipiki, alikuwa ametunga Utukufu. Wenzake walikuwa wameufanyia mazoezi tangu kabla ya Kwaresima, na ndio uliokatwa na umeme ile Jumapili. Ni wimbo mzuri kweli. Pale ambapo sauti ya tatu inatangulia na wengine wanapokea, ukisikiliza vizuri utaona ametengeneza malaika mmoja anayeanza na jeshi la mbinguni linaloungana naye, kama Luka alivyoandika. Aliniambia hivyo mwenyewe, akiona haya kidogo.

Niliposema Mkesha tuimbe ule wa zamani ambao watu wote wanaujua, alinyamaza. Rafiki yake ndiye aliyesema: "Kwa hiyo sisi tukitunga, tutunge tukaimbie chumbani?"

Sikuipenda nafasi niliyokuwa nimekaa. Nilikuwa nawaambia vijana, wale wale tunaowalilia wasiondoke, kwamba usiku mkubwa kuliko yote katika mwaka si wao. Mwalimu alinitazama, akajua ninachohisi, na hakunisaidia. Paroko ndiye aliyekata shauri: kiitikio cha zamani kibaki kwa watu, beti ziimbwe na vijana kwa sauti nne, na mdundo wa kinanda usirudi.

Usiku ule kengele zilipolia watu walikipokea kiitikio kabla kwaya haijafungua mdomo. Watoto, wazee, waliokuwa nje na mishumaa. Ulikuwa Utukufu wenye makosa, walioko nje wakiwa nyuma kidogo ya walioko ndani, na sitaki usahihishwe.

Yule fundi aliimba beti zote kwa moyo. Alipomaliza hakumtazama mtu.

Pigo moja

Baada ya Pasaka nilimwomba paroko jambo moja: dakika kumi kabla ya misa ya pili, kila Jumapili, yule kijana asimame mbele awafundishe waamini kiitikio cha Utukufu wake. Kiitikio tu, mkono ukipiga benchi. Amekubali. Jumapili za kwanza waliitikia wachache, kina mama wa mbele zaidi. Sasa watu wameanza kuwahi.

Jambo la ngoma lilibaki. Alitaka beti zake ziwe na chapuo, na mdundo aliokuwa nao kichwani ulikuwa ndugu wa ule uliomfunga Bibi mdomo. Nikamwambia aende akamwone. Aliwasha pikipiki yake akapanda, akakaa huko mchana mzima, akarudi na mhogo ndani ya mfuko na habari hii: Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kasi haina shida, na kwamba aondoe pigo moja, lile la mwisho linalokatwa, alibadilishe kwa kiganja kizima.

Ameliondoa. Wawili katika sauti ya tatu wanalalamika kwamba wimbo umepoa, na mmoja wa wapiga chapuo anasema mkono wake unakataa kuizoea nafasi hiyo mpya. Mwalimu hajasema kitu. Alhamisi hii tunaufanyia mazoezi bila kinanda, taa zikiwa zimezimwa kwa makusudi, na nimemwomba mtu mwenye gari amlete Bibi.